Swali la Tisa, Sehemu ya Pili

Wiki chache zilizopita niliingia katika duka la kuchapisha karatasi hapa Nchiru, mojawapo ya yale maduka ambamo wanafunzi wa chuo hujazana asubuhi na kazi zao. Mbele yangu alisimama mwalimu wa chekechea aliyekuja kuchukua mitihani ya watoto wake. Mwenye duka alimkabidhi fungu la karatasi zikiwa bado na joto, naye akaziinua hadi puani.

"Zinanuka mtihani," akasema, na sote tuliokuwa kwenye foleni tukacheka.

Mitihani ya utoto wetu ilinuka zaidi ya hapo. Ilitoka kwenye mashine ya kuzungushwa kwa mkono, ofisini kwa mwalimu mkuu, ikinuka wino mzito na kitu kama mafuta ya taa. Ukiishika karatasi mapema mno, vidole vilibaki vyeusi hadi jioni. Tuliosoma miaka ile tunaikumbuka harufu hiyo kwa tumbo, si kwa pua. Siku hiyo dukani ilinirudia yote kwa mara moja, na pamoja nayo akaja Marigu. Nilitoka bila kuchapisha nilichoendea.

Shule yetu ilikuwa ya serikali, chini kidogo ya Siakago, pale ardhi inapoanza kushuka na mvua kupungua. Wazazi wetu walilima ndengu, kunde na mtama, wakafuga mbuzi. Madarasa ya mbele yalikuwa ya mawe, ya nyuma ya mbao, na katikati ulikuwepo uwanja wa vumbi jekundu ambao wasichana tuliunyunyizia maji kila asubuhi kabla ya kuufagia. Ilikuwa shule ya watu wote, ila Ijumaa saa mbili asubuhi iligawanyika. Kengele ikilia hatukwenda madarasani mwetu. Wakatoliki waliingia darasa la nane, ambako katekista alikwisha kufika na baiskeli yake. Sisi Waanglikana tulipewa la saba. Wapentekoste walipewa la sita, na hao ndio tuliowaonea wivu kwa sababu walipiga makofi. Wasabato, waliokuwa wachache, walikaa la tano. Kila kundi lilikuwa na daftari la majina, na daftari la kundi letu nililiweka mimi.

Walibaki watoto watatu: Marigu, msichana wa darasa langu, na wadogo zake wawili wa kiume. Kanisa lao halikuwa na mchungaji wa kuja shuleni, wala halikuwa na jengo. Watu wake, familia kama kumi hivi, walisali kwa zamu katika nyumba zao upande wa mto. Hawakumeza dawa na hawakwenda hospitali. Mtu akiugua walimzunguka wakamwombea hadi apone, au hadi ionekane kwamba hatapona. Majirani waliwaita watu wa maombi, mara nyingine kwa heshima, mara nyingi kwa kicheko. Basi kila Ijumaa Marigu na wadogo zake walikaa kwenye baraza la ofisi, mikono magotini, wakisikiliza makofi ya Wapentekoste kama tulivyoyasikiliza sisi.

Nilidhani wameadhibiwa. Niliamini kuna kosa walilofanya, na kwamba adhabu yao ikiisha wataandikwa katika daftari mojawapo kama watoto wengine. Tulipokuwa darasa la tano niliona imetosha. Nikamwandika Marigu katika daftari letu bila kumuuliza, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nilipomwonyesha, alisoma jina lake, akanirudishia daftari.

"Futa," akasema.

"Lakini utakuwa unakaa ndani."

"Wawira, futa."

Nikafuta. Hakukasirika. Mapumziko alinigawia muhogo wake kama kawaida.

Tulikaa dawati moja tangu darasa la nne. Alikuwa mrefu, amefunga kitambaa cheupe kichwani kila siku ya Mungu, na alikuwa na akili ya hesabu ambayo sijaiona tena kwa mtu. Mimi hesabu zilinishinda. Marigu alinifundisha sehemu kwa punje za ndengu, akizipanga juu ya dawati kimafungu, kisha ananiangalia. Hakuniambia jibu hata siku moja. Aliningoja. Nikikwama hatua ya mwisho, alikuwa na namna ya kuniangalia bila haraka, kama mtu aliyekaa kivulini na hana anakokwenda, mpaka nimalize mwenyewe.

Baba yake alikuwa mfuga nyuki, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye watu wote walinunua asali kwake hata wale waliomcheka. Marigu aliniambia habari za baba yake tukiwa darasa la sita, tunarudi nyumbani. Wazee wa kanisa lao hawakutaka watoto wasome shule yetu. Walisema watoto watabadilishwa. Baba yake aliwaomba, akawaahidi kwamba Marigu atasoma kila kitu kilichomo vitabuni lakini hatatamka kama imani yake jambo asiloliamini. Kisha akaja kwa mwalimu mkuu akamweleza hivyo hivyo, na mwalimu mkuu akakubali. Ndiyo sababu siku za kugawa dawa ya minyoo wale watoto watatu walitumwa nyumbani mapema, na hakuna mwalimu aliyeuliza.

"Nikikana, narudi nyumbani," Marigu aliniambia. "Hiyo ndiyo ahadi."

"Unarudi mpaka lini?"

"Narudi tu."

Kukana nilikujua. Tulifundishwa habari za Petro. Kukana, kwa nilivyoelewa, ilikuwa ni kusema kwa mdomo, kwa sauti, mara tatu, mbele ya watu wanaoota moto. Niliona si jambo linaloweza kumpata mtu kwa urahisi.

Tulipofika darasa la saba, somo la dini lilichukuliwa na Madam Kagendo. Alitoka upande wa juu wa Meru, kwenye chai na ukungu, na joto la kwetu lilimtesa. Alikuja darasani na kitambaa cha kujipangusa shingo. Lakini alipofunua Biblia alisahau joto. Alipofundisha habari za Hana alipiga magoti sakafuni na gauni lake zuri, akalia machozi ya kweli. Alipofundisha Goliathi alianguka, tukasikia mbao zikitikisika. Tulimpenda. Alikuwa na jambo moja tu asiloweza kulivumilia, nalo ni nafasi iliyoachwa wazi katika mtihani.

"Heri ukosee," alikuwa akisema. "Ukikosea najua umejaribu. Ukiacha wazi umenidharau." Na kila nafasi wazi ilikuwa fimbo mbili.

Alikuwa mgeni, na hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu ahadi ya baba yake Marigu. Muhula wa kwanza alitufundisha habari za Yesu kuponya wagonjwa. Alipomaliza aliuliza: sisi Wakristo tukiugua tunafanya nini? Mikono ikajaa hewani. Akamchagua Marigu, kwa sababu Marigu alikuwa hainui mkono lakini hakosi.

"Tunaomba, Madam."

"Vizuri sana. Na?"

"Tunaomba."

"Umesema hivyo. Na?"

"Tunaomba, Madam."

Darasa likacheka. Madam Kagendo naye akatabasamu, akidhani ni utani. "Na? Na? Kwani homa ikikushika utakaa hapo unaomba tu kama jiwe?"

"Jiwe haliombi, Madam," akasema Marigu.

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa anasahihisha tu, kama alivyosahihisha hesabu zangu. Lakini darasa lilipasuka kwa kicheko, na Madam akaacha kutabasamu. Akaandika jibu ubaoni, tukalinakili: Mkristo akiugua huomba, na huenda hospitali. Marigu alinakili pia. Kunakili hakukuwa na shida. Kilichoandikwa ubaoni kilikuwa cha Madam.

Kuanzia siku hiyo wavulana wakapata mchezo. Marigu akipita uwanjani na ndoo ya maji, mmoja anapiga kelele: "Marigu! Na?" Mwingine anaitikia kutoka ng'ambo: "Na?" Akiteleza kidogo: "Anguka sasa, tukuombee!" Yeye alitembea kwa mwendo ule ule. Mara moja tu aligeuka akamwambia mkubwa wao, mvulana mmoja mwenye meno ya mbele yaliyopishana: "Wewe uliumwa jino wiki nzima, ukaenda hospitali, ukarudi nalo. Afadhali ungekuja kwetu." Hata wavulana wenyewe walicheka.

Mtihani wa mwisho wa muhula, swali la tisa lilitaka mambo mawili ambayo Mkristo hufanya anapougua. Kulikuwa na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na mstari wake wa nukta. Marigu aliandika sehemu ya kwanza. Ya pili aliiacha wazi. Akapigwa fimbo mbili, akarudi dawatini akakaa upande mmoja, akatoa daftari la hesabu.

"Si ungeandika tu?" nilimnong'oneza.

"Ingekuwa ni mimi nimesema."

"Ni mtihani, Marigu. Madam anataka jibu la kitabu."

"Basi angeuliza kitabu kinasemaje," akasema. "Ameuliza Mkristo anafanya nini. Mimi ni Mkristo."

Sikulielewa. Leo nalielewa vizuri, na sijui mwalimu wa dini ambaye angeweza kumjibu. Wakati ule niliona ukaidi tu. Kwangu mtihani ulikuwa mfereji: maneno yanaingia kwa mwalimu, yanatoka kwa mwanafunzi, na hayamgusi mtu njiani.

Kisha Madam Kagendo akasema jambo lililonihusu mimi. Mbele ya darasa zima alimwambia Marigu kwamba muhula ujao akiacha tena nafasi wazi, atahamishiwa mstari wa mwisho, akae na wale wanaolala, na dawati lake atapewa mwingine. Nilihesabu siku. Mwaka uliofuata tungefanya mtihani wa darasa la nane. Bila Marigu kando yangu, hesabu zingenimaliza. Ningependa kuandika hapa kwamba nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya rafiki yangu. Nusu yake ilikuwa hivyo.

Muhula wa pili swali likarudi lile lile, likiwa la tisa tena. Nilikuwa kiranja wa darasa, na kazi ya kiranja ilikuwa kukusanya karatasi. Kengele ilipolia, Madam alitoka barazani kuzungumza na mwalimu mwenzake, wengine wakakimbilia nje, Marigu akaenda kuchota maji kwa sababu ilikuwa zamu yake. Nilibaki na fungu mkononi. Karatasi yake ilikuwa juu. Swali la tisa, sehemu ya pili, nukta tupu.

Biro yangu na yake zilikuwa za rangi moja. Mwandiko wake niliujua kuliko wangu. Nikaandika kwamba tunakwenda hospitali. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Sikuogopa hata kidogo. Nilikwisha kulifikiria jambo lote na kuliona liko sawa: Petro alikana kwa mdomo, hakuandika popote, kwa hiyo kilichoandikwa karatasini hakikuwa kukana. Tena Mungu anaona, na angeona ni mkono wa nani. Marigu asingekuwa na kosa mbinguni, na duniani asingepigwa fimbo. Nilijisifu moyoni kwa kupata njia iliyowafaa wote.

Nilichokuwa sijafikiria ni siku ya wazazi.

Desturi ya shule yetu ilikuwa kwamba karatasi za muhula wa pili hazirudishwi kwa watoto. Zinakabidhiwa wazazi mkononi, uwanjani, mbele ya watu, huku mwalimu wa somo akisema neno moja au mawili juu ya kila mtoto aliyefanya vizuri. Wazazi walikalia madawati yaliyotolewa nje. Mama yangu alikuja na leso mpya. Baba yake Marigu alikaa mwisho, kofia juu ya goti, na nyuma yake walisimama wazee wawili wa kanisa lao. Ilikuwa mara ya kwanza wao kuja. Baadaye nilifahamu kwamba yeye ndiye aliyewaleta, waje waone jinsi binti yake anavyosoma.

Madam Kagendo alisimama na karatasi za dini. Alikuwa na furaha, na nilimjua akiwa na furaha: aliinuka kwenye ncha za vidole.

"Kuna mtoto mmoja hapa," akasema, "amenipa kazi. Anajua kila kitu, lakini kuna jibu moja alikuwa amelifungia kabatini. Nikamchapa, haikusaidia. Nikaomba. Leo nasema Mungu ni mwema. Marigu, simama mwanangu! Amepata yote. Yote! Nimeuliza Mkristo akiugua anafanya nini, na msikilize alivyoniandikia: anaomba, na anakwenda hospitali. Wazazi, tumpigie makofi. Na baba yake pia, asimame tumwone."

Watu wakapiga makofi. Wachache waliojua wakaanza, kisha wakaacha mikono hewani. Marigu alikuwa amesimama tayari. Niliuona uso wake ukimtazama Madam, kisha baba yake, kisha ile karatasi kwa mbali. Baba yake alisimama polepole, akaweka kofia kichwani, akaivua tena. Wale wazee wawili nyuma yake waligeuka wakaondoka, wakapita katikati ya uwanja, na vumbi likainuka nyuma yao.

Niliitwa ofisini baada ya muda mfupi. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa, Madam Kagendo amesimama na kitambaa chake shingoni, na baba yake Marigu alikuwa karibu na mlango, Marigu kando yake. Karatasi ilikuwa mezani.

"Nisomee tena, mwalimu," alikuwa akisema baba yake. "Mimi Kiingereza sisomi. Nisomee polepole."

Mwalimu mkuu akasoma, akatafsiri.

"Ni wewe uliandika?" baba yake akamuuliza.

"Sio mimi, Baba."

"Marigu, usiogope," akasema Madam. Sasa alikwisha kuambiwa habari za ile ahadi. "Jibu lako ni zuri. Hakuna mtu wa kukupiga."

"Sio mimi, Madam. Ya kwanza niliandika. Ya pili niliacha."

"Jina ni lako. Karatasi ni yako."

"Ndiyo, Madam."

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Wawira, karatasi ulizikusanya wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulizipeleka wapi?"

"Kwa Madam. Moja kwa moja."

"Kuna mtu aliyegusa hii kabla hujazipeleka?"

Marigu aliniangalia. Hakunikazia macho wala hakulia. Aliniangalia vile alivyoniangalia nikiwa nimekwama hatua ya mwisho ya hesabu, bila haraka, akingoja nimalize mwenyewe.

"Hapana, mwalimu," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini hasa. Sikumfikiria Mungu. Nilifikiria fimbo mbele ya wazazi, na beji ya kiranja, na leso mpya ya mama yangu pale uwanjani. Ni mambo madogo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na niliona hayo tu.

Baba yake Marigu aligeuza kofia mikononi. Kisha akasema, "Basi. Labda ni yeye, labda ni mwingine. Lakini watu wote wale wamesikia." Akawapa walimu mkono mmoja mmoja, akawashukuru kwa miaka yote. Alipofika kwangu alinipa mkono pia. "Soma vizuri, mama," akaniambia.

Jumatatu Marigu hakuja. Wadogo zake pia hawakuja. Mwalimu mkuu na Madam Kagendo walikwenda kwao mara mbili kwa miguu, na mara zote mbili walipokewa vizuri, wakaketishwa, wakapewa asali, wakaambiwa hapana. Madam alirudi mara ya pili akiwa amevimba macho. Aliendelea kutufundisha, lakini hakuanguka tena kama Goliathi, na muhula uliofuata alihamishwa kurudi kwao juu. Kabla ya kuondoka alitupa mtihani mmoja. Watoto watatu waliacha nafasi wazi. Hakumchapa mtu.

Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nane. Hesabu nilipita kwa shida, na katika dini nikaongoza shule. Walinitangaza uwanjani pale pale. Nikaenda sekondari Embu, nikasoma, nikapata kazi ya ofisi Meru, nikaolewa. Habari za Marigu nilizisikia kwa watu: baba yake amefariki, ameolewa upande wa Kiritiri, ana watoto. Mara mbili nilipita Kiritiri kwa kazi na sikuuliza mtu.

Jumamosi iliyofuata baada ya lile duka la Nchiru, nilikwenda. Nilimpata siku ya soko, nyuma ya magunia mawili ya ndengu na safu ya chupa za asali. Kitambaa cheupe kilikuwa kichwani. Nilimtambua kwa mbali, naye akanitambua kabla sijafika.

"Kiranja," akasema. "Umenenepa."

Alinipisha kwenye benchi lake. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za nani amekufa. Alihudumia wateja wawili, akawapigia hesabu kichwani huku wao wakihangaika na simu zao. Nilipoona nikiendelea kungoja nitaondoka bila kusema, nikasema.

"Marigu, lile jibu niliandika mimi."

"Najua. Niliona pale ofisini. Mwandiko ulikuwa wangu, na kwa kuwa sikuandika mimi, ni nani mwingine aliyeujua hivyo?"

"Kwa nini hukunitaja?"

Alichota ndengu kwa mkono, akaziacha zianguke tena guniani. "Si uliulizwa?"

Nikaanza kuuliza jambo jingine, kwa aibu: kama siku hizi watoto wake wakiugua yeye huwapeleka hospitali, au bado wanashika imani ile. Alicheka, kicheko kile kile cha chini.

"Wawira, bado unataka kunijibia lile swali?"

Mteja akaja, akaenda. Kisha Marigu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba yake alimwamini. Usiku ule ule alimwambia amemwamini. Wazee wenzake ndio hawakuamini, na ahadi alikuwa amewapa wao. Kwa hiyo wakakubaliana: akija mtu kusema kwamba ni yeye aliyeandika, wazee wataitwa wamsikie, na kesho yake Marigu atarudi shuleni.

"Nilimwambia Baba namjua aliyeandika. Akanikataza kumtajia jina. Akasema tusimfuate, kwa sababu tukimfuata atakataa tena. Aje mwenyewe."

"Mlingoja?"

"Nilingoja mimi. Sare yangu nilikuwa naifua kila Jumapili. Mbwa wakibweka natoka mlangoni, naangalia njia. Nikasema atakuja likizo. Halafu nikasema atakuja kabla ya mtihani." Alikuwa anafunga mfuko wa mteja, na hakuinua macho. "Siku mlipomaliza mtihani nikampa mdogo wangu ile sweta ya sare."

Nilinunua kilo mbili za ndengu. Alinipimia, akaongeza kiganja kimoja juu, kama wanavyowafanyia watu wanaowajua.

Sikumwambia lililobaki, na ndilo ninaloliandika hapa. Mwaka ule wote wa darasa la nane kisima chetu kilikauka, na njia ya kwenda mtoni ilipita chini ya shamba lao. Nilipita pale asubuhi na jioni, na mtungi mgongoni. Mbwa walibweka kila mara. Na kila mara, niliposikia mlango wao ukifunguliwa, niliinamisha kichwa nikaongeza mwendo.